Hakuna Kilichopotea

Bi Jozi alijua kwamba binti yake ana mimba kwa kusoma lebo ya kichupa.

Kilikuwa cha tatu katika sanduku la sampuli za asubuhi ile, kimesimama wima baina ya vichupa viwili vya damu, na ndani yake mlikuwa na maji ya manjano hafifu ambayo kila mtu wa maabara ile angeyatambua bila kuuliza: maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Alikigeuza kwa vidole viwili, kama alivyokwisha kugeuza vingine maelfu. Akasoma umri wa mimba, wiki ya kumi na saba, jina la daktari aliyeagiza kipimo. Akasoma jina la mgonjwa. Akalisoma tena, kwa maana jina la mwisho lilikuwa la marehemu mumewe. Hakupiga ukelele wala hakuketi. Alikirudisha kichupa mahali pake taratibu, akavua glovu, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imechafuka.

Jina la Bi Jozi alibandikwa na wenzake, likamganda hata wahudumu wa mapokezi wakalisahau lile la kwenye vyeti. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuotesha seli za watu ndani ya chupa, kuzikamata zikiwa katika kugawanyika, na kuzipanga kromosomu zao mbili mbili. Seli ikitulia, kromosomu zake hazionekani. Zimetapakaa kama uzi uliovurugwa na paka. Lakini ikijiandaa kuwa seli mbili, nyuzi zile hujikunja, zikawa fupi na nene, zikaja kusimama mstari mmoja katikati, na kamba nyembamba kutoka pande zote mbili zikazishika tayari kuzivuta. Hapo ndipo Bi Jozi huingilia. Tone moja la dawa huzikata zile kamba nguvu, na mgawanyiko ukasimama papo hapo. Kisha huja maji ya kuivimbisha seli, na rangi, na darubini. Na mtu aliyedhani anajifahamu akawa amelala juu ya kioo, vipande arobaini na sita, vimepakwa mistari kama pundamilia.

"Soksi zangu zikipoteana," mwenzake wa meza ya jirani alizoea kumtania, "siwezi kumsumbua mke wangu. Nakuletea wewe."

Huyo walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha biolojia sekondari miaka tisa kabla ya kukimbia kelele, kama alivyopenda kusema, na kwenda kuishi na viumbe wasionyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Ni kwake Bi Jozi alikokwenda akiwa bado anafuta mikono.

"Mwalimu, kile cha tatu kisome wewe."

"Kina nini?"

"Ni cha binti yangu."

Mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye darubini. "Hong—" alianza, akauona uso wa mwenzake, akalimeza neno. "Hukuwa na habari?"

"Nimeipata sasa hivi. Kama ulivyoipata wewe."

Sheria ya maabara ilikuwa wazi: mtu hasomi sampuli ya ndugu yake. Mwalimu aliandika herufi zake za mwanzo katika daftari la mapokezi, akakichukua kile kichupa, akakiingiza kwenye mashine ya kuzungusha. Alikuwa mcheshi, lakini ucheshi wake ulijua mlango wa kutokea.

Siku kumi na moja ndizo zinazohitajika ili seli za mtoto ziote za kutosha. Siku kumi na moja si nyingi kwa mtu asiyejua anachongoja. Bi Jozi alikuwa akijua.

Alipokuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi katika chumba cha pembeni cha maabara nyingine, waliambiwa kila mmoja atoe damu yake mwenyewe ya kujifunzia. Zama hizo kromosomu zilipigwa picha, picha ikasafishwa gizani, nao wakazikata moja moja kwa mkasi na kuzigandisha kwenye karatasi. Wenzake walimaliza kabla ya saa sita. Yeye alibaki na vipande vinne visivyokubali kukaa. Kromosomu moja ya tano ilikuwa fupi kuliko mwenzake, na moja ya kumi na tatu ilikuwa imerefuka, ikiburuza mkia usio wake. Alidhani amekosea kukata. Alimwita msimamizi wao, mzee aliyevaa miwani mbili kwa pamoja, naye aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu.

"Hakuna kilichopotea," mzee alisema mwishowe. "Mikia imebadilishana makao, basi. Vitu vyako vyote unavyo, ila viko chumba kingine. Wewe ni mzima, mwanangu."

"Na watoto?"

Mzee alivua miwani moja. "Watoto ni bahati nasibu," alisema. "Mwingine atapata mzigo kamili. Mwingine atapata mkia mara mbili na mwingine asiupate kabisa. Wengi wa hao hawafiki kuzaliwa."

Wakati huo alikuwa ameshaolewa na ameshaharibikiwa na mimba moja. Akaharibikiwa na ya pili. Kisha akamzaa binti, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na akafanya hesabu ya mwoga: aliyepata kimoja asitikise mti. Hakuzaa tena. Hakumwambia mumewe, ambaye alikuwa na dada wanne wenye ndimi za wembe. Na binti alipokua, hakumpima. Katika kazi hiyo hiyo ya kupima watu wa kila rangi ya shida, hakuchukua hata tone moja la damu ya mwanawe. Kwanza alijiambia kwamba mtoto ni mdogo. Baadaye alijiambia kwamba msichana mwenye karatasi kama ile ataolewa na nani? Baadaye tena hakujiambia kitu. Siri ikikaa sana ndani ya mtu huacha kumchoma. Huwa kama figo, ipo tu, inafanya kazi yake.

Binti aliolewa na fundi bomba, kijana mpole wa maneno machache, mwenye mikono iliyonukia chuma na sabuni. Katika miaka sita walipoteza mimba tatu. Ya kwanza, mama alikwenda kumkalia, akamwambia ni kawaida, huwapata wengi. Ya pili alimwambia Mungu ana mipango yake. Ya tatu, iliyotoka ikiwa na miezi minne na vidole vya miguu, alimfulia mashuka kwa mikono yake na kuyaanika nyuma ya nyumba ili mkwewe asiyaone. Jioni hiyo wakiwa jikoni binti alisema, bila kulia, "Mama, ningejua sababu tu. Hata iwe mbaya kiasi gani. Ningepumzika." Bi Jozi alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Jibu lilimfika kwenye meno. Akasema, "Kunywa uji, utapoa."

Sasa, siku hizo kumi na moja, alilipita kabati la joto, zilimokuwa zikioteshwa zile seli, mara ishirini kwa siku. Hakulifungua. Mara moja Mwalimu alimkuta ameweka kiganja juu ya mlango wake, kama anayempima mtu homa.

"Zinaota vizuri," alimwambia kwa upole. "Nimezitazama asubuhi."

"Kuota si tatizo," Bi Jozi alijibu. "Hata zenye kasoro huota. Hazijijui."

Siku ya kumi na mbili, baada ya saa nne, alimwona Mwalimu akikaa mno juu ya slaidi moja. Mtu aliyekaa meza ya jirani miaka kumi na mitatu unamfahamu kwa kisogo. Aliona mkono wake ukihamisha slaidi, ukarudi, ukachukua nyingine. Alimwona akihesabu kwa midomo. Kisha akamwona akivuta kiti nyuma na kukaa akitazama ukuta, na hapo Bi Jozi alisimama, akamwendea.

"Ya tano," alisema, "na ya kumi na tatu."

Mwalimu aligeuka polepole. Juu ya skrini kromosomu zilikuwa zimekwisha kupangwa. Jozi ya tano ilikuwa sawa, ndugu wawili wa urefu mmoja. Jozi ya kumi na tatu, mmoja alikuwa kama anavyotakiwa. Wa pili alikuwa amekatwa mwisho wake, na mahali pa mwisho huo palikuwa pameungwa mkia wa tano. Mtoto alikuwa amerithi nusu ya kosa. Mkia mmoja alikuwa nao mara tatu, mwingine mara moja tu. Lile badiliko lililomwacha bibi yake akitembea, akifanya kazi na kucheka kwa miaka hamsini na mitatu lilikuwa limegawanywa vibaya.

"Ni msichana," Mwalimu alisema, kwa kuwa hakujua la kusema. Kisha: "Umejuaje? Hujaigusa hii sampuli, naapa. Umejuaje?"

"Utaandika kwamba wazazi wapimwe damu, ijulikane imetoka upande gani?"

"Ndiyo utaratibu."

"Imetoka kwangu."

Mwalimu hakumlaumu, na Bi Jozi angependa sana alaumiwe wakati ule, na mtu asiye wake, ili apate pa kuanzia. Badala yake Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akasema, "Toka lini?"

"Toka kabla hajazaliwa."

"Ee Mola," Mwalimu alisema. Akageukia skrini na kuanza kuandika ripoti, kwa vidole viwili, kama alivyoandika siku zote.

Majibu ya kipimo yalikuwa ya daktari kuyatoa. Hilo Bi Jozi asingelivunja. Lakini siri ilikuwa yake. Jumamosi, saa tisa alasiri, alikwenda kwa binti yake bila kupiga simu. Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya maharage. Binti alipomwona aliivuta kanga juu ya tumbo, kisha akacheka kwa haya na kuiacha.

"Basi umeshaniona. Nilitaka nivuke mwezi wa sita ndipo nikwambie. Nilisema safari hii nisimwambie mtu, labda ndiyo dawa."

Bi Jozi alikaa chini, kwenye sakafu ya saruji, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamelikataa kwa miaka. Alianza na ule mkasi na zile picha. Alisema yote bila kupamba. Alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima, lakini yalitoka kama ripoti: namba, mikia, mwaka. Binti aliendelea kumenya. Maganda yalidondoka upande mmoja, maharage upande mwingine. Halafu mikono ikasimama.

"Ya kwanza iliyotoka, ulijua?"

"Nilihisi."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Nilijua."

"Ya pili?"

"Nilijua."

"Ya tatu ulinifulia mashuka."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama yake mume wangu alinipeleka kwa watu wa maombi, wakanishika kichwa wakasema nina kinyongo tumboni, nitubu. Nikatubu. Nilitafuta dhambi, mama, nikazikosa, nikazitunga." Sauti yake haikupanda. "Nilikuja kukusimulia. Ukasema nimstahi, ni mkwe."

Kuna maneno ambayo yakikawia njiani hufika yameoza, hata kama yaliondoka yakiwa mema.

"Na huyu?" binti aliuliza, mkono ukiwa juu ya tumbo.

"Daktari atawaita Jumatatu."

"Maji yale kumbe yalikwenda kwenu. Umemwona?"

"Si mimi niliyemsoma."

"Mama. Umemwona?"

Hakuweza kusema ndiyo, wala hakuweza tena kunyamaza, maana kunyamaza kwake kulikuwa kumeshakuwa lugha ambayo binti yake sasa alikuwa akiielewa. Binti alimsoma usoni. Aliinuka kwa kujishika ukuta, maharage yakamwagika kutoka mapajani, akaingia ndani na kufunga mlango bila kuubamiza. Fundi bomba alitoka baada ya dakika chache, amevaa kandambili zisizolingana. Alichutama akaanza kuokota maharage, moja moja, akiyarudisha kwenye ungo.

"Anasema uende, mama," alisema bila kumtazama. "Nitakusindikiza mpaka barabarani."

Wiki iliyofuata fundi huyo alikuja maabara peke yake, wakati wa mapumziko ya mchana, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Daktari alikuwa ameeleza, alisema, lakini yeye hakushika yote; aliona aibu kuuliza mara ya tatu. Bi Jozi alimvutia kiti. Akamchorea.

"Mwili ukitengeneza yai, kila kromosomu humtafuta mwenzake. Zinasimama ubavu kwa ubavu, zinapimana mstari kwa mstari, kisha zinaachana. Huyu kusini, huyu kaskazini. Yai linachukua mmoja wa kila jozi. Hivyo ndivyo kila mtu alivyopatikana." Kalamu yake ilichora msalaba. "Zetu, mimi na mkeo, nne zinang'ang'ania mahali pamoja, kwa sababu kila moja ina kipande cha mwenzake. Ukifika wakati wa kuachana, hazijui nani aende na nani. Mara nyingine zinakwenda sawa. Yeye alitoka hivyo. Mara nyingi haziendi."

Fundi aliukodolea macho ule mchoro. "Kwa hiyo bomba halijapasuka. Limeunganishwa kwa jirani."

"Ndiyo."

"Na hakuna kulifungua na kulifunga upya."

"Hakuna, baba. Kasoro iko katika kila seli."

Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Angalau si yeye aliyefanya kitu," alisema. "Nitamwambia mama yangu hivyo." Kisha akafikiri. "Lakini mke wangu hatataka kukuona. Nimejaribu."

Binti na mumewe waliamua kumwacha mtoto aende mpaka pale atakapofika. Bi Jozi alilipata hilo kwa Mwalimu, ambaye alilipata kwa daktari, na daktari hakupaswa kulisema. Alipeleka matunda, yakapokelewa na fundi mlangoni. Alipeleka nguo nzito za kitandani wakati wa baridi, zikapokelewa na fundi mlangoni. Alipiga simu, ikaita hadi ikachoka. Kazini aliendelea kupanga jozi za watu, na mkono wake haukutetemeka hata mara moja. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alidhani mtu akivunjika ndani hufanya mlio.

Siku moja mwezi wa nane simu yake ilitetema juu ya meza, kando ya chupa za rangi. Ilikuwa fundi.

"Mama, amezaliwa jana asubuhi," alisema. "Alikuwa na nywele nyingi. Alifungua jicho moja. Tulikaa naye mpaka saa kumi."

"Nakuja," alisema, ameshavua glovu. "Nakuja sasa hivi, mko wodi gani?"

"Tumeshazika, mama."

Mwalimu ndiye aliyemkalisha. Aliziondoa slaidi zilizokuwa mbele yake, akazimaliza mwenyewe, na siku hiyo hakutania mtu.

Binti alikuja miezi mitatu baadaye, siku ya kawaida, asubuhi yenye foleni ndefu mapokezi. Alikuwa amepungua. Alikuwa ameshatoa damu yake majuma mawili nyuma, katika kituo kingine, akiepa sindano ya mama yake, nayo ikaletwa hapa ikasomwa na Mwalimu. Majibu yalikuwa tayari, na daktari alikuwa ameshamweleza. Alichotaka hakikuwa karatasi.

"Nataka kuziona," alimwambia Mwalimu, si mama yake. "Zenyewe. Si picha."

Mwalimu alimtazama Bi Jozi. Kisha akakumbuka ana jambo la haraka mahali fulani, akatoka.

Bi Jozi aliitoa slaidi, akaiweka chini ya lenzi, akatafuta seli nzuri, iliyotawanyika vyema, akaachia kiti. Binti alikaa. Aliinamisha uso. Mama alisimama nyuma yake akamwonyesha namna ya kuzungusha kitasa, kidogo kidogo, mpaka ukungu utoweke, na alipokuwa akielekeza alinusa nywele zake, mafuta yale yale.

"Hizi zote ni mimi?"

"Seli yako moja."

"Zipi?"

"Tazama juu, mkono wa kushoto. Ile fupi. Sasa shuka, kuna mbili zimegusana. Ile ya kulia, iliyorefuka."

Binti alitazama muda mrefu. Nje mtu aliita namba ya foleni, akaiita tena. Mkono wa Bi Jozi ulikuwa umeinuka wenyewe na kusimama hewani, shubiri moja juu ya bega la mwanawe, haujui ushuke au urudi.

"Kumbe ni ndogo hivi," binti alisema.

Akanyanyuka. Akafuta macho yake kwa kiganja, au pengine alikuwa anayatoa ukungu tu, kama wafanyavyo wote wanaotazama darubini kwa mara ya kwanza. Alichukua mkoba wake, akaufunga zipu, akafika mlangoni.

"Asante, mama," alisema, akatoka.

Wagonjwa wote humwita hivyo. Kila mmoja aliyewahi kupita katika chumba kile, mkubwa kwa mdogo, humwita mama mwanamke yeyote wa umri wake aliyevaa koti jeupe. Asante mama, samahani mama, choo kiko wapi mama. Bi Jozi alisimama palepale, mkono umemshuka ubavuni, akizisikiliza hatua zikiteremka ngazi, na akalirudia lile neno kimya kimya, kwa sauti ya binti yake, akijaribu kusikia kama ni lile la wagonjwa au lile la mtoto.